Kisa cha Forester ya turbo: kufungua injini ya EJ205 Nakuru kwa bajeti ya laki mbili

Usuli

Gari ni Subaru Forester ya 2004 iliyoletwa kutoka Japani ikiwa mtumba. Injini yake ni EJ205 ya lita 2, silinda nne zilizolala, turbo ya TD04, gia otomatiki. Odometa ilikuwa imepita kilomita 210,000. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa Nakuru ambaye mara mbili kwa mwezi hushuka Kisumu na kurudi, gari likiwa limejaa watu na mizigo. Jina lake, nambari ya gari na gereji zilizohusika zimeondolewa. Bei zimeachwa kama zilivyolipwa, kwa sababu kisa cha bajeti ndogo kikiondolewa bei hakibaki na cha kufundisha.

Mambo matatu yalikuwepo kabla ya siku ya kuharibika. Kwanza, injini ilikuwa inakula oili, karibu lita moja kwa kila kilomita 1,500, na mwenyewe alikuwa ameambiwa mara nyingi kwamba Subaru zote hula oili, asijisumbue. Pili, oili ilikuwa inabadilishwa kila kilomita 10,000. Tatu, na hili hakuna aliyelijua hadi boneti ilipofunguliwa gereji, mwenye gari wa awali alikuwa amefunga valvu ndogo ya shaba kwenye mrija unaopeleka presha kwenye westigeti, kilango kinachofunguka ili turbo isipitishe presha iliyowekwa. Kazi ya valvu ya aina hiyo ni kuidanganya westigeti ichelewe kufunguka ili turbo isukume hewa zaidi.

Kilichotokea barabarani

Safari ilikuwa ya kutoka Kisumu kurudi Nakuru. Baada ya Ahero na Awasi barabara inaanza kupanda kuelekea Kericho, kisha Londiani na Mau Summit, na ukijumlisha mpando wote ni zaidi ya mita 1,000. Baada ya Kericho taa ya oili ilimweka kwenye kona mbili tatu kisha ikazima. Dereva aliendelea.

Taa hiyo inafaa ieleweke. Swichi yake kwenye injini hizi huwasha taa presha ikishuka hadi karibu kPa 15, yaani kama psi 2. Injini hiyo hiyo ikiwa imepata joto inatakiwa iwe na angalau psi 14 ikiwa saileni, yaani inazunguka bila eksileta kukanyagwa. Kwa hiyo taa inapomweka kwenye kona huku injini inavuta mlima, ina maana kwa sekunde hizo pampu imevuta hewa na krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka ndani ya beringi zake karibu kavu.

Kabla ya kufika Mau Summit ulianza mlio mgumu wa kugonga, unaofuata mzunguko wa injini na unaosikika zaidi mguu ukitolewa kwenye eksileta karibu mizunguko 2,500 kwa dakika. Hapo dereva alifanya jambo lililookoa pesa nyingi kuliko lolote lililofuata: alisimama, akazima, akaita brekidauni. Hakujaribu kuisukuma mpaka Salgaa. Gereji walipochomoa kijiti cha oili kilikuwa kikavu.

Vipimo kabla ya kununua spea yoyote

Fundi wa kwanza aliyeulizwa kwa simu alitaka pesa ya beringi papo hapo. Gereji iliyochukua kazi ilikataa kuagiza kitu kabla ya kujua kwa nini injini imekufa. Beringi iliyogonga ni matokeo. Ukiweka mpya bila kuondoa kilichoiua, nayo itakufa kwa njia ile ile.

Oili iliyobaki ilimwagwa kwenye beseni safi jeupe. Ilitoka lita moja na nusu hivi, wakati injini hii hutaka karibu lita nne na nusu. Filta ilikatwa kwa msumeno wa bati, karatasi yake ikakunjuliwa na kupitishiwa sumaku. Vipande vingi vilivyong'aa havikushikwa na sumaku, yaani vilikuwa vya madini ya beringi. Vumbi la chuma lililoshikwa lilikuwa kidogo sana. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba krenki huenda imepona.

Kisha ikapimwa kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana, plagi zote zimetolewa, eksileta imekanyagwa hadi mwisho, fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa. Vipimo vilisoma: silinda ya 1 psi 118, ya 2 psi 116, ya 3 psi 117, ya 4 psi 92.

Hapa ndipo injini nyingi za Nakuru huhukumiwa bure. Vitabu vya injini hii hutaja kompresheni kuanzia karibu psi 142, na fundi akiona 118 anasema ringi (pete za pistoni) zote zimekwisha. Lakini namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu, ambako presha ya hewa ni kama kPa 81 badala ya 101. Silinda inavuta hewa pungufu kwa asilimia 20, kwa hiyo injini ambayo Mombasa ingesoma psi 150 hapa husoma karibu 120. Silinda tatu za kwanza zilikuwa na afya. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda, na ya 4 ilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 20.

Ikamiminwa oili kijiko kimoja kupitia tundu la plagi ya silinda ya 4 na kupimwa tena: psi 110. Kompresheni inayopanda kwa oili inaonyesha tatizo liko kwenye ringi, pistoni au ukuta wa silinda, si valvu. Hewa ya kompresa ilipopulizwa ndani huku pistoni ikiwa juu, mvumo ulisikika kwenye kifuniko cha kujazia oili. Ekzosi ilikuwa kimya.

Kilichokutwa ndani

Kugawanya bloku ya EJ kuna utaratibu wake, na anayezoea injini za Toyota hukwama hapa. Pistoni haziwezi kutolewa pamoja na konrodi, vyuma vinavyoziunganisha na krenki, kabla nusu mbili za bloku kuachana. Kwanza hufunguliwa vizibo vya pembeni, krenki inazungushwa mpaka pini ya pistoni ikae mbele ya tundu, klipu inachomolewa kwa koleo ndefu, pini inavutwa, ndipo bloku inatenganishwa. Anayelazimisha huvunja sketi za pistoni ambazo zingetumika tena.

Pistoni ya 4 ilikuwa na ufa kwenye ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande cha upana wa kama sentimita moja na nusu kikicheza kwa kidole. Ufa wa namna hii hautoki kwa uzee. Unatoka kwa petroli kujilipua yenyewe ndani ya silinda badala ya kuwaka kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Nusu ya juu ya beringi ya konrodi ya 4 ilikuwa imepondwa na kung'aa kama kioo. Zile za 1, 2 na 3 zilikuwa na michirizi ya kawaida ya uchafu.

Shingo za krenki, yaani sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, zilipimwa kwa maikromita, kila moja sehemu mbili na kwa pembe mbili. Kipimo kipya cha shingo ya konrodi ni kati ya milimita 51.984 na 52.000. Tatu za kwanza zilikuwa karibu 51.990. Ya 4 ilikuwa 51.981 ikiwa na mikwaruzo ya juujuu. Silinda zilipimwa juu, katikati na chini. Uchakavu haukuzidi milimita 0.02 na hakukuwa na mkwaruzo unaonasa ukucha.

Vitu vidogo vilivyokutwa vilikuwa na uzito sawa na hivyo vikubwa. Boliti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo kutoka hedi ya kulia (kichwa cha silinda chenye valvu) ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake. Wavu ulikuwa umezibwa zaidi ya nusu na masizi ya oili iliyokaa muda mrefu. Sensa ya kusikiliza kugonga kwa petroli inayojilipua, iliyo juu ya bloku chini ya manifoldi, ilikuwa na ufa kwenye plastiki yake ya bluu. Kompyuta haikuwa na msimbo wowote wa hitilafu, kwa sababu waya zilikuwa nzima, ila sensa iliyopasuka haishikani vizuri na bloku na haisikii inavyopaswa. Na intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ilikuwa na oili ndani kama nusu kikombe.

Mnyororo ukaunganika hivi. Valvu ya shaba ilipandisha presha ya turbo. Turbo ikiwa nyanda za juu tayari inafanya kazi ngumu zaidi: kusukuma kPa 80 juu ya hewa ya Mombasa ni kuizidisha mara 1.8, lakini Nakuru ni karibu mara 2, na hewa inayobanwa zaidi hutoka na joto zaidi. Mvuke wa oili kwenye intakula ukapunguza oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili bila kujilipua. Injini zenyewe zilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida ni oktani 100, na ya pampu zetu za kawaida haifiki hapo. Sensa haikusikia, muda wa plagi kuwasha haukurudishwa nyuma, pistoni ya 4 ikapasuka. Pistoni ikaanza kupitisha oili, oili ikapungua, na siku ya mlima na kona pampu ikavuta hewa. Beringi iliyokuwa imepigwa nyundo kwa miezi ndiyo ikatangulia.

Njia zilizowekwa mezani

Mwenye gari alikuwa na KSh 200,000 za mkopo wa sacco.

Njia ya kwanza ilikuwa injini ya mtumba kutoka Japani. Bei ilikuwa KSh 190,000 bila kufunga, kwa dhamana ya kuwaka tu. Muuzaji hakukubali sampu (bakuli la oili chini ya injini) ifunguliwe. Pia EJ20 za turbo ziko za aina nyingi, zenye na zisizo na mfumo wa kugeuza taimingi ya kemshafti (shafti inayofungua valvu), na waya zake hazilingani. Ukiongeza mkanda wa taimingi, sili na kazi ya kufunga, bajeti ilikuwa imepita kabla hata hujajua ndani kuna nini.

Njia ya pili, pistoni za kufuliwa na konrodi za mashindano, ilifutwa haraka. Hizo hutatua tatizo la nguvu nyingi, ambalo gari hili halikutakiwa kuwa nalo.

Njia ya tatu ndiyo iliyochaguliwa: kujenga injini ile ile kwa vipimo vya kiwandani, bila kupanua silinda. Sababu ya kutopanua inafaa kusemwa. Kuta za silinda za EJ205 zimesimama wazi juu, hazijashikwa na bloku pande zote. Hedi ikikazwa kuta hujikunja kidogo, kwa hiyo kuchonga vizuri kunahitaji sahani nzito inayofungwa mahali pa hedi na kukazwa kwa nguvu ile ile. Warsha zilizoulizwa mjini hazikuwa nayo kwa injini hii. Silinda iliyochongwa bila sahani husoma duara mezani na kuwa yai ikishafungwa. Kwa kuwa uchakavu ulikuwa 0.02 tu, kuhoni, yaani kusugua ukuta kidogo kwa jiwe, kulitosha.

Pesa zilikoenda

Seti ya pistoni nne za saizi ya kawaida, pini na ringi zake ilikuwa KSh 32,000. Kulikuwa na hoja ya kununua pistoni moja tu. Ilikataliwa kwa sababu zile tatu zilikuwa zimepitia mlipuko ule ule, na ukingo wenye ufa usioonekana hungojea tu.

Beringi za konrodi zilinunuliwa seti mbili, KSh 15,000, na hili lilimshangaza mwenye gari. Shingo ya 4 ilisuguliwa kwa mkanda mpaka mikwaruzo ikaisha, ikabaki 51.978. Ikiwekewa beringi ya kawaida nafasi ya oili ilikuwa karibu 0.052, imezidi. Ikiwekewa beringi nene zaidi, ya saizi ya 0.025, nafasi ikawa 0.028. Lakini 0.025 kwenye shingo nyingine tatu ingebana mno. Beringi huuzwa kwa seti, hivyo moja ilitumika jozi tatu na nyingine jozi moja. Kuchonga krenki nzima kwa 0.25 kungelinganisha shingo zote, ila gharama ingepanda na kungekuwa na hatari ya fundi wa mashine kuharibu mviringo wa pembeni ya shingo, mahali ambapo krenki hukatikia. Beringi kuu zilikuwa KSh 9,000.

Gasketi zote, zikiwemo za hedi za tabaka za chuma, KSh 19,000. Mkanda wa taimingi na tenshena 14,500. Kula ya oili (kipoza oili) mpya 11,000, sensa ya kugonga 5,500. Kazi za mashine, yaani kusugua shingo, kuhoni, kuskimu (kuchonga uso unyooke) hedi mbili, kusaga valvu na sili zake, 18,000. Oili za kuanzia, filta, kulanti na gundi 17,000. Fundi 30,000.

Turbo iligawanya maoni. Ekseli yake haikuwa ikigusa nyumba, na wengi wangeirudisha. Ila ilikuwa imeishi nyuma ya wavu uliozibwa na oili yenye vipande vya madini. Kuifungua na kuweka seti ya spea za kutengenezea mtaani kungegharimu chini ya elfu kumi, lakini turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na sehemu zake zikibadilishwa lazima zipimwe mizani upya kwenye mashine yake. Ilinunuliwa moyo mzima wa turbo (sehemu ya kati yenye ekseli) uliokwisha kupimwa mizani, KSh 24,000, ukavalishwa nyumba zile zile.

Jumla KSh 195,000.

Zilizookolewa: pampu ya oili ilifunguliwa, gia zake zikawa ndani ya vipimo, ikarudi. Skrubu za bamba la nyuma la pampu za EJ zina tabia ya kulegea zenyewe na kuvujisha presha ndani kwa ndani. Mbili zilizungushika kwa mkono. Zilisafishwa, zikapakwa gundi ya nyuzi na kukazwa. Bomba la kunyonyea oili lilikaguliwa kwenye kiungo chake cha kulehemu kwa kuliziba na kulijaza petroli, halikutoa jasho, likarudi. Vikombe vya valvu, vinavyokaa kati ya kemshafti na valvu, navyo: baada ya kusaga, valvu hupanda na nafasi hupungua. Badala ya kununua vikombe 16, kila kimoja kilipimwa unene na kuhamishwa mahali kinapofaa. Viwili tu vilinunuliwa.

Kusafisha na kufunga

Hatua hii ilichukua muda mrefu kuliko kufunga kwenyewe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Vizibo vya njia za oili kwenye bloku vilitolewa, brashi ndefu ikapita kila njia, kisha hewa. Krenki vivyo hivyo, kila tundu, kwa sababu vipande vya beringi ya zamani hujificha kwenye njia za mshazari zinazoelekea shingo. Gia za kemshafti na valvu zake za oili zilioshwa. Kula ya oili haikuoshwa, ilitupwa. Vijia vyake ni vyembamba na havionekani, na chochote kilichobaki humo hutoka siku ya kwanza ya joto moja kwa moja hadi kwenye beringi mpya.

Baada ya kuhoni, silinda zilioshwa kwa maji moto na sabuni ya unga, kwa brashi, mara nne. Kuosha kwa petroli au dizeli hubeba oili na kuacha unga wa jiwe ndani ya mistari. Kipimo ni kitambaa cheupe chenye oili safi: ukipangusa silinda na kikitoka na kijivu, rudia. Kikitoka cheupe, paka oili papo hapo, maana chuma kilichooshwa hivyo hushika kutu mbele ya macho yako.

Ringi zilisukumwa ndani ya silinda yake kwa kichwa cha pistoni ili zikae sawa, kina cha sentimita tatu, zikapimwa kwa fila geji. Ya juu ilichongwa hadi 0.35 na ya pili 0.42, ndani ya maelekezo ya mtengenezaji wa pistoni. Ringi ya turbo yenye nafasi ndogo mno ikipata joto ncha zake hugusana, na kitakachovunjika ni ule ule ukingo uliovunjika mwanzo.

Nafasi za beringi zilihakikishwa kwa uzi wa plastiki wa kupimia: kuu 0.022 hadi 0.028, konrodi 0.028 hadi 0.041. Hedi zilikazwa kwa toki renchi kwa mpangilio wa kitabu cha modeli hiyo, ambao hukaza, hulegeza kabisa, kisha hukaza tena na kumalizia kwa kuzungusha digrii 90 mara mbili. Nyuzi za boliti na washa zake zilipakwa oili kwanza. Boliti kavu husoma nguvu ya uongo.

Mrija wa westigeti ulirudishwa wa kiwandani. Ile valvu ya shaba mwenyewe alipewa mkononi.

Kuwasha na kilomita za kwanza

Geji ya oili ya mkono ilifungwa mahali pa swichi. Injini ilizungushwa na stata, petroli na koili zikiwa zimekatwa, sekunde kumi kumi na kupumzika, hadi geji ikainuka. Ndipo ikawashwa. Oili ya kwanza ya kawaida isiyo sinthetiki ilimwagwa baada ya kilomita 40, ya pili kilomita 500, ya tatu 1,500, na kila mara filta ilikatwa. Ya kwanza ilikuwa na vumbi la ringi, ya pili kidogo sana, ya tatu safi. Kilomita hizo zilikuwa za barabara ya Njoro na ya Gilgil, mguu ukipanda na kushuka, bila kukaa mwendo mmoja na bila kuiacha turbo ijae presha. Kuiacha saileni saa nzima hakukufanyika. Ringi hukaa kwa kubebeshwa kazi kiasi.

Presha ikiwa moto: psi 20 saileni, psi 55 kwenye mizunguko 3,500.

Hitilafu iliyojitokeza

Kufikia kilomita 300 kulanti ilikuwa inashuka kidogo kidogo. Hakukuwa na moshi mweupe, na kipimo cha gesi ya silinda ndani ya kulanti kilionyesha hakuna. Rejeta ilipopampiwa presha injini ikiwa baridi, tone lilionekana chini ya hedi ya kushoto, nje.

Hedi mbili hazikuwa zimeskimiwa mahali pamoja. Ya kulia ilifanywa kwenye warsha ya mashine. Kabla ya zamu ya ya kushoto umeme ulikatika siku mbili, na mwenye gari, aliyekuwa na mazishi ya kuhudhuria Siaya, aliomba ipelekwe kwingine ambako pia ilikuwa nafuu kwa elfu moja. Huko ilichongwa ikawa imenyooka: rula na fila geji ya 0.05 haikupita popote. Lakini kunyooka si sawa na kuwa laini. Kisu kilikuwa kimeacha mistari inayonasa ukucha. Gasketi ya karatasi ya zamani ingeisamehe. Ya tabaka za chuma haina nyama ya kujaza mistari hiyo, na kulanti hufuata mfereji mpaka nje.

Injini ilishushwa tena. Gasketi 6,500, kuskimu kwenye warsha ya kwanza 3,000, kulanti na oili 6,500, fundi akakubali 8,000. Elfu 24 zaidi, jumla ikawa KSh 219,000.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni kupima kabla ya kununua. Kuelewa kwamba psi 118 Nakuru ni afya kuliokoa injini kuhukumiwa nzima. Kukata filta na kutumia sumaku kulionyesha mapema kwamba krenki inaweza kupona, na bila hilo bei ya krenki ya mtumba ingeingia kwenye bajeti na kuisukuma kazi nzima kwenye injini ya Japani.

Mgawanyo wa pesa nao ulifuata njia ya oili. Kula mpya, wavu mpya, moyo wa turbo, seti mbili za beringi: kati ya hivi hakuna kinachoonekana boneti ikifunguliwa, na ndivyo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Injini nyingi za turbo zilizojengwa upya na kugonga tena ndani ya miezi michache huwa zimerudishiwa kula ya zamani.

Kilichoshindikana kilikuwa usimamizi wa kazi ya nje. Gereji ilipokea hedi ikapima unyoofu, haikupima ulaini, ingawa ukucha ungetosha. Haraka ilileta tatizo, lakini ukaguzi wa kupokea ndio uliolipitisha. Kadhalika, bajeti ya 195,000 kati ya 200,000 haikuacha nafasi ya kosa lolote. Kwa injini ya aina hii asilimia 15 ya pesa inafaa ibaki bila kutajiwa kazi.

Ukilinganisha na injini ya mtumba, ambayo ikishafungwa na kuwekewa mkanda mpya ingefika KSh 230,000 hivi, tofauti ni ndogo. Anayedhani kujenga upya ni nusu ya bei atakuwa amefanya hesabu bila mashine na bila oili tatu za kwanza.

Baada ya kilomita 8,000 kompresheni ilikuwa kati ya psi 121 na 125 silinda zote, na oili haikuhitaji kuongezwa kati ya mabadiliko, ambayo sasa ni kila kilomita 5,000. Kulanti haijashuka. Mwenye gari anasema gari limekuwa zito kidogo kwenye mlima wa Londiani kuliko zamani, na ameuliza kama ile valvu ya shaba inaweza kurudi. Jibu alilopewa ni kwamba kwanza ifungwe geji ya presha ya turbo na ya mchanganyiko wa hewa na petroli, intakula ibadilishiwe sili za povu zilizokwisha, kompyuta ipangwe upya kwa petroli ya hapa na mtu mwenye vifaa, kisha ndipo westigeti iguswe. Makadirio ya kazi hiyo ni KSh 70,000. Valvu iko kwenye kisanduku cha gari.